Siku Saba Kabla ya Triathloni ya Ubingwa: Mwongozo Kamili kwa Mwanariadha wa Ridhaa

Zoezi zito unalofanya leo huanza kuonekana mwilini baada ya siku kumi hivi, wakati mwingine wiki mbili. Kwa hiyo ukishabakiwa na siku saba, hakuna nguvu mpya utakayovuna. Kinachoweza kubadilika ni uchovu, akiba ya wanga kwenye misuli, hali ya baiskeli, na idadi ya mambo utakayolazimika kuyaamua asubuhi ya shindano ukiwa na kiwewe. Wengi wanaoharibikiwa kwenye mashindano ya ubingwa hawaangushwi na mapafu. Huangushwa na skrubu iliyolegea, jeli mpya ya kuongeza nguvu waliyopewa bure kwenye banda la maonyesho, au kanuni ambayo hawakuisoma.

Mwongozo huu umezingatia masafa ya Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10. Pale ambapo masafa ya kati (1.9, 90 na 21.1) au marefu (3.8, 180 na 42.2) yanahitaji jambo tofauti, tumelitaja. Tumechukulia shindano liko Jumapili. Kama lako ni Jumamosi, rudisha kila kitu siku moja nyuma.

Mazoezi: punguza wingi, usipunguze ukali

Kupunguza mazoezi huanza takriban wiki mbili kabla. Katika wiki ya mwisho, jumla ya muda wa mazoezi iwe karibu nusu ya wiki yako ya kawaida, au hata pungufu kidogo ya hapo. Idadi ya vipindi ibaki karibu ile ile na kasi ya shindano iguswe mara kadhaa, ila kwa vipande vifupi. Anayeacha kabisa kufanya mazoezi kwa siku tano hufika mstarini miguu ikiwa mizito na mwili umepoa. Anayejipima siku ya Jumatano kwa kukimbia kilomita 10 kwa nguvu zote huwa ameshakimbia shindano lake, na hakuna aliyempa medali.

Wiki inayofanya kazi kwa watu wengi inakuwa hivi:

- Jumatatu: pumziko, au kuogelea polepole dakika 30.
- Jumanne: baiskeli dakika 60, ndani yake vipande 4 vya dakika 3 kwa kasi ya shindano, kila kimoja kikifuatwa na dakika 3 nyepesi. Ukishuka, kimbia dakika 10 papo hapo.
- Jumatano: kuogelea jumla ya mita 1,500, ikiwemo mita 50 mara 8 kwa kasi ya shindano. Jioni kimbia dakika 25 nyepesi na umalizie kwa michapuo (vipande vifupi vya kasi) 4 ya sekunde 20.
- Alhamisi: safari au pumziko.
- Ijumaa: dakika 15 hadi 20 kwenye maji yenyewe ya shindano, kisha baiskeli dakika 40 kuijaribu baada ya kuifunga upya.
- Jumamosi asubuhi: baiskeli dakika 20 na kukimbia dakika 10, kila kimoja kikiwa na michapuo 3 ya sekunde 30. Halafu basi.

Katika siku hizi utaanza kusikia maumivu ambayo hukuwahi kuyasikia: goti linaguna, koo linawasha, kigimbi kinavuta. Mengi hutokana na mwili uliozoea kuchoka na sasa una nafasi ya kujisikiliza. Kipimo ni hiki: maumivu yanayohama kutoka goti la leo hadi nyonga ya kesho, yaache. Maumivu yanayobaki mahali pamoja, yanayobadilisha hatua zako au yanayoleta uvimbe, mwone mtaalamu siku hiyo hiyo. Masaji ya kukandwa kwa nguvu isifanyike ndani ya siku tatu za mwisho, maana huacha misuli ikiuma.

Baiskeli: matengenezo kwanza, kufungasha baadaye

Kila kipuri kipya kiwe kimefungwa angalau wiki moja kabla. Waya mpya za gia na breki hulegea baada ya safari chache na huhitaji kukazwa tena. Mnyororo mpya kwenye gia za nyuma zilizolika huruka meno pale unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Pitisha kidole na jicho kwenye tairi zote mbili, zungusha polepole, na utoe vipande vya chupa na kokoto zilizojichimbia. Kama tairi hazina tyubu, ongeza maji ya kuzibia, kwa sababu hukauka ndani bila wewe kujua. Kama gia ni za umeme, chaji betri na ubadilishe zile ndogo za kwenye vibonyezo.

Kama unasafiri kwa ndege, fungasha kwa mpangilio huu.

1. Piga picha ya baiskeli kutoka upande, kisha pima urefu kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedali hadi juu ya tandiko na uandike kwenye simu. Zungushia tepu nguzo ya tandiko pale inapoingia kwenye fremu. Milimita 5 za tofauti zinatosha kukuletea maumivu ya goti kwenye kilomita ya 30.

2. Toa pedali. Ya kulia hufunguka kinyume cha saa na ya kushoto hufunguka kwa mwelekeo wa saa, jambo linalowachanganya hata mafundi wakiwa na haraka. Njia isiyosahaulika: simamisha spana ielekee juu, kisha isukume kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili, kusukuma nyuma ni kufungua na kusukuma mbele ni kukaza.

3. Weka mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, kisha fungua kibadilisha gia cha nyuma kutoka kwenye kipande kinachokishikilia. Kizungushie kitambaa na ukifunge kwa ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Hicho kipande kinachokishikilia ni laini kwa makusudi: kimeundwa kipinde chenyewe ili fremu isipasuke. Ndiyo maana sanduku likigongwa kidogo tu, gia zote hupotea. Nunua cha akiba kinacholingana na fremu yako hasa, kwa kuwa vipo vya maumbo mengi sana na cha baiskeli ya mwenzako huenda kisiingie.

4. Toa magurudumu. Weka vipande vya plastiki vya kutenganisha kwenye uma wa mbele na wa nyuma ili fremu isibanwe. Kama breki ni za diski, chomeka kabari kati ya pedi. Mtu akibinya mkono wa breki wakati diski haipo, pistoni hutoka nje na pedi hubanana, na kuzirudisha ni kazi ya karakana. Diski zenyewe zifungue au zikinge kwa kadibodi. Ikipinda hata kidogo itapiga kelele kilomita zote 40.

5. Fungua usukani na uufunge kandokando ya fremu kwa sponji. Kila skrubu irudishe kwenye tundu lake hapo hapo. Skrubu zinazowekwa "mfukoni kwa muda" ndizo hutafutwa Ijumaa usiku.

6. Betri za akiba za lithiamu husafiri kwenye mkoba wa ndani ya ndege, si kwenye sanduku. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi ina masharti. Uliza shirika lako, au panga kuinunua ukifika. Spana na vifaa vyenye ncha vikae kwenye sanduku la baiskeli, maana vikikutwa mkononi huenda vikachukuliwa.

Kwenye mkoba wa mkononi weka kila usichoweza kuazima: viatu vya baiskeli, viatu vya kukimbia, helmeti, miwani ya kuogelea jozi mbili, sare ya shindano, vazi la mpira la kuogelea (wetsuit). Sanduku likichelewa, baiskeli ya kukodi inaweza kupatikana. Viatu vilivyokwishakaa mguuni mwako havikodishwi.

Ukifika, ifunge siku hiyo hiyo, hata kama macho yanafumba. Hatua ni zile zile kwa kurudi nyuma, lakini ukazaji uwe wa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Skrubu za usukani na shina lake mara nyingi huandikwa Nm 5, za tandiko Nm 5 hadi 6. Fuata namba iliyochapwa kwenye kipuri chako. Kaza kwa kupishana, robo duru kila moja, ili kibano kibane sawasawa. Nguzo ya kaboni isipakwe grisi, ipakwe krimu maalumu ya kuongeza msuguano. Pedali, kinyume chake, zipakwe grisi na zianzwe kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa mkono, umekosea upande.

Sasa chuchumaa nyuma ya baiskeli, jicho likiwa usawa wa ekseli. Vigurudumu viwili vya kibadilisha gia vinatakiwa kuning'inia kwenye mstari mmoja na gia ambayo mnyororo upo. Vikiinama kuelekea spoku, kile kipande laini kimepinda. Usijaribu kukanyaga gia kubwa kabisa ya nyuma katika hali hiyo, kwa sababu kibadilisha gia kikiingia kwenye spoku hubeba gurudumu na fremu pamoja. Peleka kwa fundi wa shindano mapema Ijumaa. Jumamosi mchana foleni yake huwa haina mwisho.

Safari ya majaribio ya dakika 40 si mapambo. Pitia gia zote ukiwa umekanyaga kwa nguvu, funga breki kwa ghafla mara tatu, pita kwenye barabara mbovu kidogo, halafu rudi ukaze skrubu zote mara ya pili.

Usingizi na saa

Kanuni ya kukadiria ni siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Kama huna siku hizo, anza kusogeza muda wa kulala kwa nusu saa hadi saa moja kila siku ukiwa bado nyumbani, na ukifika kaa kwenye mwanga wa jua wa asubuhi ya huko. Usiku wa kuamkia shindano watu wengi hulala vibaya, na madhara yake ni madogo kuliko wanavyohofia. Usiku wa kulinda ni ule wa Ijumaa.

Kula: hesabu, si shibe

Misuli huhifadhi wanga, na akiba hiyo ndiyo itakayokubeba. Kwa masafa ya Olimpiki, gramu 7 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kwa saa 36 za mwisho, zinatosha. Kwa masafa ya kati na marefu panda hadi gramu 10 hadi 12 kwa saa 36 hadi 48. Mtu wa kilo 70 anayelenga gramu 8 anahitaji gramu 560 kwa siku. Ni chakula kingi kuliko unavyodhani, na sahani moja ya tambi usiku haikufikishi hata karibu.

Jumamosi yake inaweza kuwa hivi. Asubuhi, vipande 4 vya mkate mweupe, vijiko 2 vikubwa vya asali, ndizi moja na juisi mililita 250: karibu gramu 145. Mchana, wali uliopikwa gramu 400 na juisi nyingine kama hiyo: karibu gramu 135. Katikati ya siku, kinywaji cha wanamichezo nusu lita, ndizi 2, vipande 2 vya mkate na kijiko cha asali: karibu gramu 125. Jioni, tambi zilizopimwa gramu 150 zikiwa kavu, na vipande 2 vya mkate: karibu gramu 140. Jumla inakaribia 550. Nyama au samaki uwepo kwa kiasi kidogo tu, na mafuta yapungue, ili nafasi ya tumbo ibaki kwa wanga.

Mlo mkubwa uwe wa mchana, wa jioni uwe mwepesi na wa mapema. Kuanzia Jumamosi asubuhi acha maharage, mboga mbichi, nafaka zisizokobolewa na matunda yanayoliwa na maganda yake. Vitu hivi ni vizuri kwa maisha, lakini makapi yake yatakuwa yanatafuta njia ya kutoka wakati uko kilomita ya 6 ya mbio.

Mizani itaonyesha umeongezeka kilo moja au mbili. Usishtuke na usipunguze chakula: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli hubeba takriban gramu 3 za maji. Ndiyo hayo unayoyapima.

Kunywa kiasi cha mkojo kuwa na rangi ya manjano hafifu. Ukiwa mweupe kama maji siku nzima, umezidisha. Kunywa maji mengi kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na hali hiyo ni hatari kuliko kiu ya kawaida.

Kiamshakinywa cha siku yenyewe kiliwe muda wa saa 3 kabla ya kuanza, karibu gramu 2 za wanga kwa kilo: kwa mtu wa kilo 70, gramu 140, za chakula ulichokwisha kula kabla ya mazoezi magumu. Anayetumia kahawa anaweza kulenga miligramu 3 za kafeini kwa kilo, dakika 60 kabla. Asiyeitumia asianze siku hiyo. Itampeleka chooni kwa mbio kuliko atakavyokwenda barabarani.

Kwa chakula cha barabarani, kwenye masafa ya Olimpiki lenga gramu 40 hadi 60 kwa saa ukiwa kwenye baiskeli, ambako tumbo limetulia. Chupa moja ya mililita 750 yenye gramu 60 na jeli moja kwenye kilomita 10 za mwisho inatosha. Kwa masafa marefu panda hadi gramu 60 hadi 90 kwa saa, lakini iwe mchanganyiko wa glukosi na fruktosi: utumbo hupitisha glukosi takriban gramu 60 tu kwa saa, na fruktosi hupita mlango wake mwingine. Ukimeza zaidi ya kinachopita, kinabaki tumboni na kukuletea kichefuchefu. Ongeza miligramu 300 hadi 600 za sodiamu kwa saa, na zaidi kama jasho lako huacha mistari myeupe kwenye nguo.

Kanuni zinazoondoa watu

Soma kitabu cha mwongozo cha shindano lako mwanzo hadi mwisho, Jumatano. Mengine yote yanayofuata yapime dhidi yake, kwani kila mfululizo una tofauti zake ndogo.

Vazi la mpira hutegemea joto la maji. Kwa kanuni za World Triathlon, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, makundi ya umri (wanariadha wa ridhaa) kwenye mita 1,500 hayaruhusiwi kulivaa maji yakizidi nyuzi joto 22. Kwenye Ironman, mfululizo wa mashindano ya masafa ya kati na marefu, ukomo ni 24.5. Uamuzi rasmi hutangazwa asubuhi, hivyo jiandae kwa yote mawili: uwe umeogelea kwa sare tupu angalau mara moja wiki hiyo, usije ukagundua mstarini kwamba miguu inazama.

Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli iwe imerudi kwenye chuma chake cha kuegeshea. Hili ndilo kosa rahisi kuliko yote na marefa hulisubiri pale pale.

Kujificha upepo nyuma ya mwenzako kwenye baiskeli kunakatazwa katika mashindano mengi ya ridhaa. Umbali ni mita 10 kwa masafa ya Olimpiki na mita 12 kwa marefu, ukipimwa kutoka mbele ya gurudumu lake la mbele hadi mbele ya gurudumu lako la mbele. Ukitoa urefu wa baiskeli yake, pengo unaloliona kwa macho kwenye mita 12 ni kama mita 10. Ukiingia kwenye eneo hilo lazima upite, ndani ya sekunde 20 au 25 kulingana na kanuni. Ukipitwa, ni wewe unayerudi nyuma kwanza. Baadhi ya mashindano ya ubingwa ya masafa mafupi huruhusu kufuatana, na hapo usukani wa kulalia (wa kuegemeza viwiko) huwekewa masharti au kukatazwa. Hakikisha kabla hujafunga baiskeli ndani ya sanduku.

Kwenye ubingwa, sare ya taifa yenye jina na nchi yako mara nyingi ni ya lazima. Vifaa vya kusikilizia muziki masikioni haviruhusiwi. Karatasi ya jeli ikidondoka nje ya eneo la taka ni adhabu, hata kama ni kile kipande kidogo cha juu. Usikikate chote, kiache kikining'inia.

Ijumaa na Jumamosi: namba, ramani ya miguu, kukabidhi baiskeli

Nenda kujiandikisha Ijumaa mapema na kitambulisho chako, kadi ya shirikisho kama inahitajika, na subira. Hesabu ulichopewa kabla ya kuondoka mezani: kofia ya kuogelea, namba ya kifuani, stika za baiskeli na helmeti, bangili, chipu ya muda. Usikae kwenye maonyesho kwa saa tatu ukiwa umesimama juani.

Hudhuria mkutano wa maelekezo. Hapo ndipo mabadiliko hutangazwa: boya limehamishwa, barabara imechimbwa, mzunguko mmoja umeongezwa.

Ukiwa majini Ijumaa, tafuta kitu kirefu kilicho nyuma ya kila boya la kugeukia, kama mnara, jengo au kilele. Asubuhi jua likiwa chini machoni, boya lenyewe linaweza lisionekane kabisa. Angalia pia sakafu ya mahali pa kutokea majini: mawe, matope, au kina kinachopungua ghafla. Ogelea mpaka viganja viguse chini, ndipo usimame. Kutembea kwenye maji ya kiunoni ni polepole na kunachosha.

Baiskeli hukabidhiwa Jumamosi mchana. Iache ikiwa kwenye gia nyepesi inayofaa kuanzia, upepo wa tairi ukiwa umepunguzwa, kwa sababu jua kali hupandisha shinikizo. Kisha tembea njia yote kwa miguu: kutoka majini hadi kwenye chuma chako, hadi mstari wa kupandia, na kurudi kutoka mstari wa kushukia hadi mlango wa kukimbilia. Hesabu safu. Chagua alama isiyohama, kama nguzo ya taa au mti. Usitumie baiskeli nyekundu ya jirani, maana unaporudi yeye atakuwa bado barabarani. Kwenye masafa marefu mara nyingi vitu huwekwa kwenye mifuko; hapo uliza kama utaruhusiwa kuigusa asubuhi, na kama hapana, jeli zote ziwe zimeingia tayari.

Asubuhi yenyewe

Amka muda wa saa 3 na nusu kabla ya kundi lako kuanza, ule, kisha uingie eneo la kubadilishia (panapoegeshwa baiskeli na kubadili mchezo) likiwa bado na nafasi, karibu saa 1 na dakika 45 kabla. Foleni ya choo iwe ya kwanza, haipungui.

Jaza tairi. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi za milimita 28 anakaribia PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 70. Kwenye milimita 25, karibu 80 hadi 85. Mvua ikinyesha punguza PSI 5. Rimu zisizo na kingo za ndani za kushika tairi hazitakiwi kuzidi PSI 72, hata kama tairi yenyewe imeandikwa zaidi. Ukimaliza, finya tairi kwa dole gumba, ondoka dakika kumi, rudi ufinye tena. Vali iliyopinda huvuja taratibu na ungeigundua barabarani.

Panga vitu kwa mfuatano wa kuvitumia: helmeti juu ya usukani ikiwa imepinduliwa, mikanda imetandazwa nje, miwani ya jua ndani yake, viatu vya kukimbia vyenye kamba za kuvutika, na chini yake mkanda wa namba na kofia. Washa kompyuta ya baiskeli, zungusha mikono ya pedali, uhakikishe inasoma wati na mapigo ya moyo. Zungusha magurudumu yote mawili kuona kama breki zinagusa, kwani baiskeli za majirani husukumana usiku.

Chipu ifungwe kifundo cha mguu wa kushoto, ndani ya vazi la mpira. Vazi lenyewe livaliwe dakika 30 kabla, si mapema, usije ukapika jasho. Vaa mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze, kisha vuta kwa nyama za vidole, si kwa kucha, ambazo hupasua mpira kama wembe. Siri iko kwenye kinena: vuta mpaka kusibaki nafasi yoyote pale, kisha panda kiunoni, kisha mabegani. Vazi lisilopandishwa vya kutosha chini ndilo linalobana mabega na kumfanya mtu adhani amekosa pumzi. Paka krimu ya kuzuia michubuko shingoni na kwapani, ila mafuta ya mgando yakae mbali na mpira, na mikono ifutwe kabla ya kushika miwani.

Vikiharibika

Tairi likipasuka kwenye eneo la kubadilishia, hilo ni jambo la dakika saba, usikimbilie kumtafuta fundi. Badili mwenyewe na upitishe vidole ndani ya tairi kutafuta kilichotoboa kabla ya kuweka tyubu mpya. Mkanda wa miwani ukikatika, ile jozi ya pili iwe mkononi mwa anayekusindikiza ufukweni, au ndani ya vazi lako kifuani, si kwenye begi ulilokwisha kukabidhi. Chipu ikipotea, mwambie refa kabla ya kuingia majini. Zipo za akiba. Kuogelea kukifupishwa au kufutwa kwa sababu ya mawimbi, radi au baridi, mara nyingi shindano huanza kwa kukimbia au kwa kuachiliwa mmoja mmoja na baiskeli. Hapo anza kunywa chupa yako mapema kidogo, na usiongeze kasi kwenye baiskeli kwa kudhani umeokoa nguvu.

Kama kuna nafasi ya kupasha mwili moto majini, ogelea dakika 5 hadi 10 na ujirushie maji usoni mara kadhaa, ukitoa pumzi ndefu kila mara. Mshtuko wa baridi kifuani hutulia ndani ya dakika chache, na ni afadhali utulie kabla ya honi. Kama hakuna nafasi, zungusha mikono na ukimbie mahali pamoja.

Kwenye mstari, simama kulingana na muda wako wa kweli wa mita 1,500, si ule unaoutamani. Ukijiweka mbele mno utaogelewa juu. Ukijiweka nyuma mno utatumia mita 400 kupita watu. Kama msongamano unakutisha, jiweke pembeni, upande ulio mbali na boya la kwanza: utaongeza mita chache na utapata maji safi. Mita 200 za kwanza hesabu pumzi za kutoa, mikono iwe mirefu, na inua macho kutazama mbele baada ya kila mikupuo sita hadi minane.